Naandika na hakuna anayesubiri

Kwa ambao hamjawahi kuingia kwenye hii biashara ya simulizi za mtandaoni ngoja niwaeleze inavyokwenda, maana bila hilo hamtanielewa. Unaanza kwa kuachia sehemu za mwanzo bure Facebook, kumi au kumi na tano hivi, na kila sehemu lazima uikatie pabaya, mlango unagongwa usiku wa manane, simu inaita kwa namba ngeni, bibi harusi anaanguka mbele ya mchungaji, halafu chini unaweka ITAENDELEA kwa herufi kubwa na kaneno kengine kwamba laiki zikifika mia mbili naachia inayofuata. Watu wanawahi siti kwenye komenti, wanakuita mtunzi, wanakuombea maisha marefu. Arosto ikishawakolea ndo unatangaza kwamba kuanzia hapo stori inahamia kwenye grupu la WhatsApp, kiingilio buku, tuma kwenye namba hii jina litakuja la fulani, ukishatuma nirushie meseji ya muamala nikuunge. Na mtu akishatoa buku yake amekuwa bosi wako, saa nne usiku anakuuliza "mtunzi leo vipi, mbona kimya", we umelala na homa lakini unaamka unataipu.

Hiyo kazi nimeifanya tangu 2019, nikiwa na steshenari yangu ndogo hapa Morogoro mjini, fotokopi, kuprint, kutaipu barua za watu, kuuza madaftari na peni. Kati ya mteja na mteja nataipu stori kwenye simu kwa dole gumba. Na sitaki mtu aje aseme naidharau hela ya simulizi, sidharau hata kidogo, printa yangu ya pili imenunuliwa na stori ya mfanyakazi wa ndani aliyerithi mali za bosi wake, na kodi ya fremu imelipwa mara nyingi tu na mama mkwe mchawi. Wachawi wanalipa jamani, ukiweka mchawi kwenye stori hela inaingia.

Ila kuna kitu kilikuwa kinatokea polepole na mi sikukitilia maanani. Nitoe mfano mmoja. Kuna sehemu mhusika wangu alikuwa ameshuka stendi ya Msamvu asubuhi na mvua, katoka Iringa hana pa kwenda. Nikaandika ile stendi, wale wapiga debe wanavyokunyang'anya begi kana kwamba ni lao, maji yanavyotiririka na maganda ya machungwa, mama anayeuza chai ya rangi kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa juu anavyofunika sukari na kitambaa, milima ya Uluguru haionekani kabisa imemezwa na mawingu kiasi kwamba mgeni asingejua kama hapa kuna mlima. Niliipenda ile sehemu, niliisoma mara mbili nikijitabasamia. Nilivyoirusha grupuni wa kwanza akakomenti "mtunzi leo umevuta sana", wa pili "hii sehemu haina kitu", wa tatu akaweka kile kikatuni cha mtu anasinzia. Mwingine, na huyu sikumlaumu kwa kweli, akaniandikia inboksi kwa upole kabisa kwamba dada yangu sisi tunataka kujua mimba ni ya nani.

Basi nikajifunza kukata. Mvua kata, chai kata, mlima kata, abaki mtu na siri yake na mtu mwingine anayeijua hiyo siri. Na sio kwamba stori ziliharibika, hapana, ziliuza zaidi. Lakini ule mkono uliozoea kukata ukawa unakata na huku nje pia. Mwaka mmoja tulikuwa kwenye msiba wa mama mdogo, jeneza linatolewa ndani, binti yake akapiga ukelele mmoja hivi ambao mpaka leo nikiukumbuka nasisimka, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, kabla ya machozi, kabla ya kumshika yule mtoto, ni kwamba hapa pazuri pa kukatia. Wanaoandika hizi kitu wananielewa, wakibisha wanabisha tu mdomoni.

Na raha ilikuwa imeshaondoka kitambo. Nilikuwa naandika kama mtu anavyoosha vyombo, unaosha kwa sababu vipo.

Halafu ukaja ule mgao wa umeme wa mwisho mwisho wa 2023. Mnaukumbuka, ulikuwa unakatika asubuhi unarudi jioni, au haurudi. Sasa steshenari bila umeme ni nini, ni kibanda cha kukaa kivulini. Fotokopi haifanyi, printa haifanyi, mteja anachungulia anauliza "dada umeme upo?" anaondoka kabla hujajibu. Simu nayo naitunzia chaji kwa ajili ya miamala maana ikizima hata hizo hela ndogo zinapita pembeni. Kwa hiyo unakaa tu unaangalia barabara. Kwenye shelfu nilikuwa na kaunta buku moja ya kwaya mbili iliyokuwa imenyeshewa kona, jalada limevimba, hakuna mwanafunzi ambaye angeichukua. Nikaitoa, nikachukua peni ya bluu, nikaanza kuandika nilichokuwa nakiona.

Nilichokuwa nakiona ni fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Nikifungua ukurasa ule wa kwanza leo umeandikwa hivi, nanakili kama ulivyo: "Fundi leo mguu wa kulia kavaa raba ya mteja mguu wa kushoto ndala yake. Anatembea mpaka kwenye nguzo anarudi. Nadhani anaisikilizia soli. Sasa amekaa lakini raba hajaivua. Kijana wa bodaboda kamuuliza umeoa mguu mmoja? Fundi hajacheka. Mimi nimecheka." Basi, ndo hivyo. Hakuna siri hapo, hakuna mimba, hata fundi mwenyewe hana jina. Niliandika kurasa kama tatu za hivyo hivyo na nilivyoinua kichwa ilikuwa saa tisa na nusu, njaa sijaisikia, na mkono unauma pale kwenye kidole cha kati panapokaa peni, ile sugu tuliyokuwa nayo shuleni wote na sasa hivi hatuna tena.

Na ile sugu ndo ikanirudisha kwenye insha. Kipindi cha insha shule ya msingi, mwalimu anaandika kichwa ubaoni, "Siku nisiyoisahau" au "Safari yangu ya kwenda kijijini kwa bibi", darasa zima linanung'unika na mi moyoni nashangilia kimyakimya kama mtu aliyeambiwa leo kuna wali. Sikuwa naandika kwa ajili ya maksi, maksi nilikuwa napata za kawaida tu kwa sababu ya mwandiko. Nilikuwa naandika kwa sababu ndani ya ile insha nilikuwa naweza kwenda kwa bibi kwa basi ambalo halikuwepo. Baadaye nilikuja kusoma hotuba ya Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepewa Nobel ya fasihi 2021, anasema hivyo hivyo, kwamba akiwa mtoto shuleni kipindi cha kuandika hadithi ndo alikuwa anakisubiri kuliko vipindi vyote kwenye ratiba. Halafu anaeleza jinsi kuandika kulivyokuja kuwa kitu kizito huko Uingereza, upweke na kukumbuka kwao. Mi siko uhamishoni, niko hapa hapa Moro, na uzito wangu mimi ulikuwa wa buku buku za watu, lakini pale pa kipindi cha insha nilimwelewa kabisa, nilitamani nimpigie simu.

Basi mgao ukaendelea na daftari likaendelea. Nyumbani usiku naandikia taa ya sola, dukani mchana naandika mlangoni. Februari 2024 lile bwawa la Nyerere kule Rufiji likaanza kutoa umeme, mambo yakaanza kutulia, fotokopi ikarudi kuimba, na mi nilidhani daftari litakufa hapo. Halikufa. Nilikuwa nimeshaonja.

Ngoja niseme kilichokuwa kitamu maana watu wanadhani ni kupumzika, sio kupumzika. Unachoka. Ila ni kwamba sentensi haidaiwi chochote. Kwenye stori ya kuuza kila sentensi ina kazi, hii inaleta wasiwasi, hii inaficha, hii inamwandaa msomaji apigwe na butwaa kule chini, sasa huku kwenye daftari unaweza ukaandika "leo nyanya zimepanda" ukaishia hapo, ukahamia kwenye jinsi yule muuza nyanya anavyozipanga mafungu, tatu chini moja juu, na ile ya juu ndo nzuri kuliko zote, na ukimwambia naomba nibadilishie ile ya chini anakuangalia kama umemtukana mzazi. Unaweza kuandika kitu halafu ukakibishia mstari unaofuata. Unaweza kuanza kwa Kiswahili ukamalizia kwa Kiluguru cha bibi yangu, ambacho mi mwenyewe nakijua nusu, kwa hiyo naandika nusu niliyoisikia na nusu nyingine naacha nafasi. Kwenye grupu nani angekuelewa? Wangekuuliza hiyo nafasi ndo siri yenyewe?

Na majina. Kwenye simulizi za kuuza unabadilisha majina ya watu mpaka mwisho unawasahau wenyewe, huku naita kila mtu kwa jina lake kwa sababu hakuna wa kulisoma. Nimeandika vitu kuhusu ndugu zangu ambavyo nikiwaambia uso kwa uso ukoo unaitisha kikao. Na vingine vizuri pia, ambavyo hata hivyo sitawaambia.

Juni 2024 treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria Dar na Moro nilijaza kurasa na kurasa, sio kuhusu treni, treni yenyewe wakati huo nilikuwa sijaipanda, ila kuhusu watu waliokuwa wanakuja dukani kuprint tiketi. Kuna mama alikuja na tiketi yake iliyokwisha kutumika anataka nimtolee fotokopi mbili, nikamuuliza za nini mama angu, akasema moja ya kuwaonyesha kijijini na nyingine abaki nayo maana hao wa kijijini hawarudishi vitu. Hiyo ningeiweka wapi kwenye stori ya mama mkwe mchawi? Haina pa kukaa. Kwenye daftari imekaa vizuri kabisa katikati ya bei ya rimu ya karatasi na ugomvi wangu na mwenye fremu.

Katika hizo hizo kazi za fotokopi kuna mwanafunzi wa chuo aliniletea kitabu cha barua za Shaaban Robert nimtolee baadhi ya kurasa (hayo mambo ya haki miliki naomba tusiyaongelee leo). Ni barua alizokuwa anamwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, tangu 1931 mpaka 1958, na zilikuja kuchapwa 2002, yani miaka 40 mwandishi yuko kaburini. Nikawa natoa kopi huku nasoma, natoa huku nasoma, mpaka mwanafunzi akauliza dada kwani mashine inasumbua. Yule ndo tuliyemsoma shuleni kwa mashairi ya vina na mizani, mtu wa mawaidha, mtu wa Utubora na Kusadikika, halafu huku unamkuta ni mtu anayehangaikia mambo ya familia na hela na miswada yake kama sisi tu. Naomba wasomi wanisamehe ila mi nilizipenda zile barua kuliko mawaidha. Najua barua sio sawa na daftari la siri, barua ina mtu anaisubiri, lakini ni mtu mmoja na ni ndugu yako, anajua ukisema "hali ile" unamaanisha hali gani. Sentensi inakaa mkao mwingine kabisa ikijua inaenda kwa mtu mmoja. Ikijua haiendi popote nayo inakaa mkao wake.

Kuna mtihani ulitokea ambao nauhadithia kwa sababu umenifundisha kuliko mengine. Mdogo wangu alikuja kunisaidia duka siku nina safari, akalikuta daftari chini ya kaunta, akafungua, akapiga picha ukurasa wa yule mama wa tiketi akaweka statasi yake na maneno "dada yangu ana kipaji nyie". Kwa nia njema kabisa, simlaumu. Jioni nawasha bando nakuta watu wamejaa. Hii ndo nataka, hii imenichekesha, da mtunzi hii unaanza kuirusha lini, na mmoja, nakuapia, kaandika "muendelezo tafadhali". Muendelezo wa mama aliyetoa fotokopi! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ila kesho yake nilipofungua daftari nikaandika mistari miwili mitatu nikaona kuna kitu. Nilikuwa nimeandika mstari wa kuchekesha ambao haukuwa umenichekesha mimi. Nilikuwa nimeuweka kwa ajili ya wale wa statasi. Nikaendelea siku kadhaa na kila nikiandika nasikia kuna mtu anachungulia begani, na kila mtu niliyemwona barabarani nilikuwa namgeuza geuza nione kama anafaa. Wala hawakuwa wasomaji wabaya, ni watu walionisifia kwa moyo mweupe, lakini sifa ina mikono jamani, inakushika peni. Mwisho lile daftari nililifunga likiwa bado lina kurasa nyingi tupu, na mtu anayeuza madaftari anajua uchungu wa kutupa kurasa, nikachukua jingine shelfuni nikajilipa mwenyewe kwenye droo kama mteja. Hilo jipya naliweka nyumbani chini ya kanga, na mwandiko nimeuacha uende unavyotaka, mwandiko wangu ukiachwa ni kama mguu wa kuku, hata mimi kuna maneno siyasomi. Mdogo wangu kaomba msamaha mpaka nikamwonea huruma, nikamwambia haina shida mama, ila usiguse tena.

Watu wachache ninaowaambia hili jambo swali lao huwa ni moja, kwamba sasa imekusaidia? Stori zako za grupuni zimekuwa bora zaidi? Wanataka niseme ndiyo. Sijui mimi, na wala sitaki kupima, maana nikianza kupima tu daftari litakuwa mazoezi ya kazi, na mazoezi ya kazi ni kazi. Ninachojua ni vitu vidogo vidogo, kwamba nikienda msibani siku hizi nalia na wenzangu kwa wakati mmoja, na kwamba naweza kukaa kwenye daladala ya Kihonda foleni ya nusu saa na nisitoe simu. Grupuni kuna waliojitoa kwa sababu siku hizi narusha sehemu mbili kwa wiki badala ya kila siku, na wamehamia kwa watunzi wengine wenye mbio, sawa tu, wote tunatafuta. Hela imepungua kidogo, hilo nalo niseme ukweli, anayewaambia kwamba ukiandika kwa ajili ya nafsi yako milango ya riziki inafunguka huyo anataka kuwauzia semina.

Na sio kila siku ni tamu. Kuna siku naandika kurasa nzima ya lawama tupu, narudia kisa kile kile cha mwenye fremu, hata mimi nikikisoma kinanichosha. Kuna wiki siandiki kabisa na hakuna anayeniuliza mbona kimya, mwanzoni hilo lilinipa unyonge kidogo, nilizoea kuulizwa. Sasa hivi naona ndo sehemu nzuri kuliko zote.

Kwa sasa ninachokiandika ni mzee mmoja anayekuja dukani karibu kila wiki kutoa kopi ya barua ile ile, ya mgogoro wa kiwanja, kopi moja tu, analipa mia, anaikunja mara nne anaiweka mfuko wa shati, wiki inayofuata anarudi na ile ile. Juzi nikamwambia shikamoo babu, si nikutolee kopi kumi kwa mkupuo upunguze safari, akaitikia marahaba, akaniangalia, akasema mjukuu wangu nikitoa kumi nitakuja kufanya nini huku mjini. Nimeshaandika kurasa sita kumhusu na bado sijafika kwenye viatu vyake. Sehemu ya 31 ya ile nyingine inatoka Ijumaa usiku, mlioshalipa naomba msinitumie meseji kabla ya hapo.